Mtu mzima na gololi zake

Kuna swali moja nimelichoka: "Yaani na digrii yako unacheza gololi?" Naulizwa tangu nianze kutengeneza njia ya gololi ukutani kwangu. Mota inazipandisha juu, zinateremka zenyewe kwenye reli za waya na vijifereji vya mbao, zikifika chini zinapandishwa tena. Na wanaouliza ni nyie, jamani, tuliokuwa wote Mlimani.

Haya, tupige hesabu. Gololi ya kioo ya milimita 16 ina gramu 5 na ushee. Kuinyanyua mita moja ni kama juli 0.05 tu. Kazi ya kitoto, au siyo? Basi chukua kimota cha redio ya kaseti, kifunge moja kwa moja kwenye gurudumu la kupandishia, uone. Kinazunguka mara elfu mbili na zaidi kwa dakika. Ama kitarusha gololi mpaka kwa jirani, ama kitashindwa hata kuanza, kipate moto na kunuka. Nguvu ipo, ila iko kwenye kasi, na wewe unataka msokoto. Ndiyo maana watu hutafuta mota ya waipa za gari: ndani ina skrubu inayosukuma gia kubwa, nje inazunguka taratibu, mara 50 hivi kwa dakika. Somo la gia mimi nililinakili ubaoni na kuwekewa vema bila kushika gia hata moja.

Halafu kuna kitanzi. Swali la mtihani mnalikumbuka: kitu kiachiwe kutoka kimo gani ili kipite kitanzi cha nusu kipenyo R bila kudondoka? Jibu la daftari ni 2.5R. Lipeleke jibu hilo ukutani, gololi inadondoka! Daftari lilizungumzia kitu kinachoteleza bila msuguano. Gololi inabingirika, na sehemu ya nishati yake inaishia kwenye kujizungusha. Hata kwenye njia bapa isiyopoteza chochote inataka 2.7R, na kwenye reli za waya mbili inataka zaidi. Mwanafunzi aliyepata mia kwa mia anaitazama gololi sakafuni na hajui kilichotokea. Huyo ndiye tunamwita kichwa.

Mwingine atasema hayo ni ya Wazungu wenye muda. Ni kweli George Rhoads alitengeneza sanamu ya mipira inayobingirika, ikawekwa kwenye kituo cha mabasi cha Port Authority, New York, mwaka 1983, na wasafiri wakawa wanasimama kuitazama. Lakini nani kati yetu hakutengeneza gari la waya lenye usukani na matairi ya ndala? Tulikuwa mafundi tayari. Tukaambiwa tuache mchezo tukasome.

Vyumba vya habari navyo vimo. Kijana akiunda kitu chenye mota, habari yake inatupwa ukurasa wa vituko, kichwa kinasema "maajabu", na hakuna anayemuuliza gia ina meno mangapi. (Mhariri wangu akisoma hapa, salamu.)

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Tayari nasikia watu wakiuita mkondo wa waliofeli, na wengine wakisema tusubiri vifaa. Vifaa gani? Ubao wa plaiwudi, waya, risasi ya kulehemu, mota ya waipa iliyotolewa kwenye gari bovu, betri ya volti 12. Epukeni tu mota za kuchomeka kwenye umeme wa ukutani, hasa kukiwa na watoto. Vingine vyote Gerezani vipo.

Na kwa wanaocheka, nawaachia swali dogo. Gurudumu langu lina vifuko 4 na linazunguka mara 50 kwa dakika. Gololi inatumia sekunde 12 kuteremka. Ziwe ngapi njiani kwa wakati mmoja ili kifuko kisipande kitupu? Jibu kwanza, halafu ndiyo ucheke.