Mukubali kompyuta ya mchezo iingie mu salo

Kila mwezi mshahara ukiingia, tunasikia mabishano yale yale mu manyumba ya wafanyakazi wa Kinsevere. Mtoto mkubwa amekusanya makuta yake, amenunua kompyuta ya mchezo, lakini kioo chake ni kidogo ao hakina kabisa. Mu salo kuko tele ya inchi 55. Mtoto anaomba: «Papa, ni kablo moja tu, acha nibranshe.» Papa anajibu: «Tele yangu utaiua!» Mama naye anangojea filamu yake. Kiisha mtoto anatoka, anaenda kulipia mchezo mu chumba ya giza pembeni ya barabara, pale hatujui anakaa na nani, wala anafundishwa nini.

Sisi tunasema: mukubali. Mchezo unaochezwa mu salo, mama anauona, mukubwa wa nyumba anauona, na saa ya kuzima inajulikana.

Woga wa papa si ujinga. Zamani, na tele za plasma, picha iliyokaa saa mingi bila kusogea, kama namba za matokeo kwenye pembe ya kioo, iliweza kuacha alama isiyotoka tena. Tele za LED, ndizo wengi wetu tuko nazo, hazina ugonjwa huo. Zile za OLED, bei yake ni ya wakubwa, bado ziko nao kidogo. Mwenye nayo achunge. Kwa sisi wengine, mchezo hauui tele. Kinachoua tele ku kwetu tunakijua wote: kuran inakatika, kiisha inarudi na nguvu kama vile imekasirika.

Njo maana stabilizatere inunuliwe mbele ya manete ya pili, hata mtoto akilia. Tena muhesabu. Kompyuta yenye karte grafiki kubwa inaweza kula wati 400 wakati wa mchezo, mara nyingi kupita tele yenyewe. Saa tatu za mchezo ni kilowati-saa 1,2 kwa siku. Mwenye kontere ya kulipia mbele ataona vile inashuka, na mwenye grupe ataona mafuta. Mtoto aambiwe hesabu hiyo, na kama yuko na kazi kidogo, achangie.

Kazi yenyewe ya kuunganisha ni fupi. Kablo ya HDMI ya metre mbili ao tatu inatosha. Ikipita tano na ni ya bei ya chini, picha inaweza kuanza kukatika. Vijana wanakosea sana hapa: wanachomeka kablo mu tundu la juu nyuma ya kompyuta, lile la karte mama, badala ya tundu la chini lililo kwenye karte grafiki. Hapo picha inaweza kutoka, lakini mchezo unatambaa kama kinyonga, na mtoto anasema muuzaji alimudanganya. Mu menyu ya tele mutafute «mode jeu». Bila hiyo, tele inakawia ikipamba picha: mtoto anabonyeza sasa, mchezaji anapiga mpira kiisha. Hakuna haja ya kufukuza 4K. Picha ya 1920 kwa 1080, ukikaa metre tatu, ni safi, na mashine haichoki bure.

Nyinyi wa usine munajua sheria: hakuna kugusa mashine mbele ya kukata kuran na kutia kadena. Mu salo ni vile vile. Kama nyumba haina waya wa ardhi, na kompyuta na tele zimechomekwa ku prize mbili mbalimbali, kuran kidogo inaweza kupita mu kablo, ikakupiga mkononi na kuunguza tundu la HDMI. Muweke vyote viwili ku multiprize moja, vizimwe, muunganishe kablo, halafu muwashe. Tunashangaa kuona mtu anayefuata sheria hii kila siku ku kazi, lakini ku nyumba anaingiza kablo mashine ikiwaka.

Kuna kitu kinatuchekesha tena. Ndani ya kablo ile kuko shaba. Mirija ya kupoza karte grafiki nayo, mara nyingi, ni shaba. MMG, iliyochukua Kinsevere mwaka 2012, inauza katode. Zinaenda mbali, na shaba inarudi ku kwetu ndani ya kablo ya dola chache. Mtu aliyetoa shaba mu udongo miaka kumi hawezi kuogopa metre mbili zake mu salo.

Jambo lenye uzito kweli ni usingizi. Kinsevere iko karibu kilometre 30 kaskazini ya Lubumbashi. Ule aliyeingia ekipe ya usiku anafika nyumbani asubuhi, amechoka, na anatakiwa kulala mchana. Mu manyumba mingi, kati ya kitanda na tele kuko ukuta mmoja, pengine rido tu. Kama mtoto anapiga vita mu salo saa nne ya asubuhi, papa hapati usingizi, na jioni anapanda tena kamyo ya tani mingi kwenye kariere, macho yanafunga yenyewe. Hapo mchezo umegeuka hatari ya kazi, na mama wa nyumba njo anajua vizuri bei yake.

Kwa hiyo karatasi ya ekipe za papa ibandikwe pembeni ya tele. Siku za usiku, kompyuta inazima mpaka papa aamke. Msitegemee kaske: sauti ya mchezo itaingia mu masikio ya mtoto, lakini kelele yake ya «goli!» haiingii mu kaske yoyote. Siku za kupumuzika ni za kupatana: filamu ya mama kwanza, mpira kiisha. Na papa mwenyewe ajaribu manete jioni moja. Atapigwa tano kwa bila, tunamuonya mapema.