Wacherokee walikuwa na karatasi zote

Muhula uliopita kwenye semina ya historia tulipewa swali ambalo kila mtu analijua: eleza sababu za Marekani kupanuka kuelekea magharibi mwanzoni mwa karne ya 19. Madesa yapo, yanazunguka tangu enzi za kaka zetu. Ongezeko la watu, njaa ya ardhi, ununuzi wa Louisiana, moyo wa kuthubutu. Mwasilishaji wa kikundi nilikuwa mimi. Nikamwaga pointi sita, na nilipoulizwa kwa nini wenyeji walishindwa, nikajibu bila kupepesa macho: hawakuwa na elimu wala serikali ya kisasa. Watu wakaandika. Hakuna aliyebisha. Ndiyo maana naandika hapa, kwa sababu jibu lile halikuwa kweli.

Tuanze na huo ununuzi. Mwaka 1803 Marekani iliilipa Ufaransa dola milioni 15 kwa eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Kwenye ramani inapakwa rangi mpya, basi, tunafungua ukurasa mwingine. Lakini waliokuwa wakiishi humo ni Waosage, Walakota, Wapawnee na wengine wengi, na hakuna aliyewauliza. Kilichouzwa hasa ni ahadi ya mkubwa mmoja kwa mkubwa mwenzake: hapa mimi siingii tena, wewe malizana na wenyeji.

Sasa njoo kwa Wacherokee, upande wa Georgia. Kufikia 1821 mtu wao mmoja, Sequoyah, ambaye hakuwa amesoma lugha yoyote, alikuwa amekamilisha maandishi ya Kicherokee, alama moja kwa kila silabi. Mwaka 1827 wakaandika katiba. Mwaka 1828 wakaanza gazeti lao, Cherokee Phoenix, kwa lugha mbili. Walikuwa na mashamba, shule, mahakama. Hata ubaya wa majirani zao waliuchukua: matajiri wao walimiliki watumwa Weusi. Kila walichoambiwa ndicho ustaarabu, walikifanya. Hapo nani hakuwa na elimu?

Tatizo ni kwamba ardhi yao ilifaa kwa kilimo, wakati wenye mashamba ya pamba Kusini nzima wakisaka ardhi mpya, na mwaka 1829 watu wakaanza kumiminika humo kutafuta dhahabu. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamishia wenyeji ng'ambo ya mto Mississippi. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 102 kwa 97. Wacherokee hawakukimbilia silaha. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1832, katika kesi ya Worcester dhidi ya Georgia, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya nchi yao. Walishinda, jamani! Mwaka huohuo Georgia ikaigawa ardhi yao kwa raia wake kwa bahati nasibu, na Rais Andrew Jackson hakufanya lolote kuizuia.

Desemba 1835 kikundi kidogo kisichotumwa na mtu kikasaini mkataba wa kuuza nchi nzima. Chifu John Ross akapeleka pingamizi lenye sahihi zaidi ya 15,000. Seneti ikaupitisha mkataba hivyohivyo, kwa kura zilizofikisha theluthi mbili zilizotakiwa kwa shida; ingepungua moja tu, ungekwama. Mwaka 1838 wakaja wanajeshi. Watu wapatao 16,000 waliondolewa, na makadirio yaliyozoeleka ni kwamba 4,000 walikufa kambini na njiani.

Usidhani hayo yalikuwa mbali nasi. Pamba ya Kusini mwa Marekani, iliyolimwa na watumwa kwenye ardhi iliyochukuliwa namna hiyo, ilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini, na wafanyabiashara wa Salem wakaileta Zanzibar. Mkataba wa biashara na Sayyid Said ulisainiwa mwaka 1833. Shuka ile bibi zetu waliiita merikani, na ilisafiri hadi bara kubadilishwa na pembe za ndovu. Jina bado tunalo, ila hatuulizi pamba yake ilitoka shamba la nani.

Rafiki yangu wa sheria aliposoma rasimu hii akaniuliza: kwa hiyo sisi tunasoma nini, kama hukumu yenyewe haisaidii? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba karatasi haijilindi. Hukumu ya 1832 ilihitaji watu wa kuitekeleza, na waliokuwa na nguvu hawakutaka. Lakini karatasi pia haiozi haraka. Mwaka 2020 Mahakama Kuu hiyohiyo, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema eneo waliloahidiwa Wamuscogee huko Oklahoma, jirani za Wacherokee waliohamishwa miaka ileile, halijawahi kufutwa kisheria, hivyo jimbo haliwezi kuwashtaki humo kwa makosa makubwa. Miaka karibu 190 baadaye, ahadi ilisomwa tena kwa sababu kuna watu walioitunza na hawakuacha kuidai.

Kwa hiyo tukijibu kwamba walishindwa kwa kukosa elimu, tunafanya mambo mawili mabaya. Tunawasafisha walionyang'anya, na tunajidanganya kwamba sisi wenye vyeti tuko salama. Walishindwa kwa sababu waliotunga sheria waliamua kuikanyaga ilipowabana.

Nimelifuta jibu lile kwenye desa langu. Ukikutana na nakala yake ikizunguka kabla ya UE, nawe lifute.