Tusikimbilie Kupiga Windows Muziki Unapokwama

Desemba ikifika, barabara za kupanda Mlima Kilimanjaro kuelekea Marangu, Machame, Kibosho na Rombo hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani, na harusi, kipaimara na komunyo ya kwanza hufuatana hadi mwaka mpya. Shughuli hizi siku hizi zinaendeshwa na laptopu iliyochomekwa kwenye mikisa, na ndiyo maana wimbo ukianza kukatakata maharusi wakiwa wanaingia ukumbini, aibu inakuwa ya familia nzima. Kesho yake mashine hupelekwa Moshi mjini kwa fundi, na majibu anayopewa mteja mara nyingi ni mawili: mashine imechoka, nunua nyingine, au iache hapa, tutapiga Windows upya. Ninaona majibu yote mawili yana kasoro ileile. Yanatoa dawa kabla ya kupima, na kwa kwaya na familia zilizohifadhi rekodi zao humo ndani, hilo jibu la pili linaweza kufuta kitu kisichopatikana tena popote.

Tuanze na hoja ya uzee. Wimbo wa MP3 uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde unaidai kompyuta isome kilobaiti 16 tu kila sekunde, chini ya megabaiti moja kwa dakika nzima. Hata muziki wa CD usiobanwa, wenye sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stereo, haufiki kilobaiti 180 kwa sekunde. Programu ya Winamp ilipotoka mwaka 1997, ilicheza MP3 kwenye kompyuta za Pentium zilizokuwa na memori ya megabaiti 32 au pungufu. Laptopu ya mtumba yenye gigabaiti nne ina memori zaidi ya mara mia ya hiyo. Ni kweli Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mwenye mashine ya namna hiyo ana sababu ya kuhofia usalama wake kwenye intaneti, lakini hilo ni suala la usalama. Kucheza wimbo ni miongoni mwa kazi nyepesi kabisa ambazo kompyuta hupewa. Mashine inayoweza kufungua picha za harusi lakini inashindwa na wimbo mmoja haijazeeka. Kuna kitu kinaizuia, na kitu hicho kinatafutika.

Utafutaji unakuwa rahisi mtu akishaelewa kukwama kunatokeaje. Programu ya muziki haipeleki sauti moja kwa moja kutoka kwenye faili hadi kwenye spika. Husoma kipande, hukikusanya katika hifadhi ndogo ya muda ambayo mafundi huiita bafa, na spika hulishwa kutoka humo. Wakulima wa mlimani wanaujua utaratibu huu kwa mifongo yao, yaani mifereji ya kumwagilia: maji hukusanywa usiku katika bwawa dogo, asubuhi hufunguliwa kuelekea mashambani, na bwawa likikauka kabla halijajazwa, shamba la chini linakosa maji hata kama mto huko juu umefurika. Bafa ikikauka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, sikio linasikia mkato. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nini kimechelewesha ujazaji. Nguvu ya mashine kwa ujumla haijibu swali hilo.

Mwenye mashine anaweza kulijibu kwa sehemu kubwa kabla hajapanda daladala. Wimbo unakwama mahali palepale kila ukichezwa? Uhamishie kwenye kompyuta nyingine. Ukikwama huko pia, sekunde ileile, faili ndilo bovu na laptopu haina kosa. Ukicheza vizuri, tatizo liko pale ulipokuwa umehifadhiwa. Nyimbo zote zinakwama ovyo, mahali popote? Hapo shuku mfumo wenyewe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame ni programu gani inayokula prosesa au diski. Hali hii ni ya kawaida sana kwa mashine za vijijini ambazo hukaa wiki kadhaa bila intaneti. Siku ya shughuli mtu anawasha hotspoti ya simu ili apakue wimbo mmoja, na masasisho yote yaliyolimbikizana yanaanza kushuka kwa pamoja huku antivirusi nayo ikikagua kila kinachoingia. Zima Wi-Fi, usikilize tena. Muziki ukitulia, umepata jibu bila gharama. Usipotulia, kuna programu ya bure iitwayo LatencyMon inayotaja draiva inayoishikilia prosesa kupita kiasi. Kama mkato unasikika kwenye spika ya Bluetooth tu, jaribu waya: Bluetooth na Wi-Fi nyingi hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, na miili ya watu walioujaza ukumbi hufyonza mawimbi hayo. Na kama mkato unaanza baada ya saa moja ya kazi, shika sehemu ya chini ya laptopu. Joto la Moshi mjini la Januari na Februari, likikutana na feni iliyozibwa na vumbi, huifanya prosesa ipunguze kasi yenyewe ili isiungue. Brashi na pumzi ya blowa hutosha hapo.

Flashi zinastahili neno la peke yake, kwa sababu muziki wetu mwingi unasafiri kwa njia hiyo. Sokoni zipo flashi bandia zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani zina nane tu. Kompyuta hudanganywa, hukubali nyimbo zote, na zile zilizozidi nafasi halisi huandikwa juu ya nyingine au hupotea. Mteja anasikia nyimbo za mwanzo zikiwa safi na za mwisho zikikatika, kisha anailaumu mashine. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi hadi mwisho na kuufichua uwongo huo. Muuzaji mwaminifu angekubali kuitumia mbele ya mteja.

Lakini sababu iliyonifanya niandike ni diski kuu inayokufa. Diski ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka, ikifika kwenye eneo lililoharibika husoma tena na tena, na marudio hayo yanaweza kuchukua sekunde kadhaa. Nyaraka ya Word haitakuonyesha lolote, itachelewa kidogo tu kufunguka. Muziki, kwa kuwa hauwezi kusubiri, utakwama. Ndiyo maana wimbo unaokwama unaweza kuwa dalili ya kwanza kabisa kwamba diski inaelekea ukingoni. Mashine ya namna hiyo ikifika kwa fundi ambaye kitu cha kwanza anachofanya ni kufomati na kupiga Windows, anafuta rekodi zilizokuwa bado zinasomeka, kisha anailazimisha diski dhaifu kuandika upya gigabaiti nyingi. Mlima huu una kwaya za Kilutheri na za Kikatoliki, vikundi vya tarumbeta, na wazee waliorekodiwa wakisimulia habari za koo zao. Sehemu ya sauti hizo ilihamishwa kutoka kanda za kaseti hadi kwenye kompyuta moja ya katibu wa kwaya au ya mtoto wa nyumbani, na haina nakala ya pili. Kaseti zenyewe zilishatupwa au zimeota ukungu.

Fundi atajibu kwamba analipwa kwa kazi na si kwa muda, kwamba mteja anataka mashine jioni hiyohiyo, na kwamba kupiga Windows mara nyingi kunafaulu. Hoja hizi zina uzito. Kweli kunafaulu mara nyingine, kwa sababu kunaondoa programu zilizorundikana na draiva mbovu. Ila kufaulu kwa namna hiyo hakumfundishi mtu yeyote kitu, na kama chanzo kilikuwa joto, flashi au diski, mashine itarudi mezani mwezi ujao na mteja atalipa mara ya pili. Kuhusu muda, kuiangalia diski kwa CrystalDiskInfo, programu nyingine ya bure, ni kazi ya dakika chache: ikionyesha njano au nyekundu, kazi zote nyingine zisimame hadi mafaili yahamishwe. Fundi atoze ada ya uchunguzi, na sisi wateja tuilipe bila kunung'unika, kama tunavyolipia maabara kabla ya dawa hospitalini. Tunapokataa kulipia upimaji, sisi ndio tunaomsukuma kwenye njia ya mkato.

Wapo pia wanaoshauri bafa iongezwe tu. Katika programu ya muziki ya VLC, kwa mfano, hifadhi ya faili hupimwa kwa milisekunde na inaweza kuongezwa. Ushauri huu ni mzuri usiku wa harusi, wageni wakiwa wamekaa. Ukitumiwa kama tiba ya kudumu unakuwa hatari, maana unanyamazisha dalili huku diski ikiendelea kufa. Atakayeongeza bafa Jumamosi aichunguze diski yake Jumatatu.

Viongozi wa kwaya na makatibu wa parokia na sharika, msisubiri mkato huo. Nunueni diski ya nje, nakilini rekodi zote kabla ya msimu wa Desemba, na nakala hiyo ikae nyumba nyingine. Na ninyi mafundi wa Moshi, mteja akileta mashine inayokwama, swali lenu la kwanza liwe hili: humu ndani kuna kitu gani ambacho hakipo kwingine?