Mambo ya Nyumbani: Fedha ya Jikoni

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya fedha ya chakula. Swali lenyewe si jipya. Kwa nini nyumba yenye mshahara wa kila mwezi hukosa sukari na mafuta kabla ya mwezi kwisha? Watu hujibu upesi kwamba mshahara ni mdogo, nasi hatukatai, maana mishahara mingi ni midogo kweli. Lakini nani kati yetu asiyejua nyumba mbili zilizo jirani, zenye watu sawa na mapato sawa, moja yamaliza mwezi kwa amani na ya pili yaanza kukopa tarehe 15? Tukichunguza twaona kwamba sababu si ulafi, wala si uvivu wa mama wa nyumba. Mara nyingi sababu ni desturi ya kutoa fedha.

Katika nyumba ile ya pili, baba hupokea mshahara mara moja kwa mwezi, lakini fedha ya matumizi huitoa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Huiweka mezani, au siku hizi huituma kwa simu, na mama hupika kwa kadiri ya fedha ile. (Pengine mama ndiye mwenye mshahara na baba ndiye abakiye nyumbani, mambo ni yale yale.) Mwenye fedha hudhani kwamba kwa njia hii ameibana mkononi, kwa kuwa hakuna awezaye kutumia leo kile ambacho hajapewa. Sisi twaona kinyume. Mtu apewaye fedha ya siku moja hana budi kununua vitu vya siku moja, na vitu vya siku moja ndivyo vilivyo ghali kuliko vyote dukani.

Atakaye kuhakikisha na afanye jaribio hili. Achukue chupa safi ya lita moja, na kila anunuapo mafuta kwa kile kipimo kidogo cha dukani, ayamimine humo kwanza, akihesabu vipimo mpaka chupa ijae. Tuseme kipimo ni shilingi 500, na chupa imejaa kwa vipimo 14. Basi lita imemgharimu shilingi 7,000. Kisha aulize bei ya lita nzima. Ikiwa ni shilingi 6,000, nyumba itumiayo lita tatu kwa mwezi imetoa shilingi 3,000 bure, na hayo ni mafuta peke yake. Bei za kwenu huenda zikawa nyingine, lakini hesabu ni ile ile. Aifanye tena kwa sukari ya robo, kwa majani ya chai ya pakiti ndogo, kwa mkaa wa kopo. Wala tusimsahau mtoto atumwaye dukani mara tatu kwa siku: chenji ndogo ndogo haifiki nyumbani yote, na peremende ya mdomoni ndiyo shahidi.

Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotoka Bagamoyo kwenda bara, walipewa posho kwa kibaba, kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Na kibaba ni robo ya pishi. Desturi ile ilikuwa na maana yake. Mpagazi hakuwa na ghala wala jiko la kudumu. Leo alilala hapa, kesho kwingine, na kila alichokuwa nacho alikichukua kichwani. Lakini mama wa nyumba si mpagazi. Ana ndoo yenye kifuniko, ana pembe ya chumba pa kuweka gunia, tena ana akili ya kupanga. Kumpimia posho kila asubuhi ni kumnyima nafasi ya kuvitumia vyote hivyo.

Twajua watakalolijibu akina baba: fedha ikitolewa yote mara moja, itakwisha katika juma la kwanza. Hofu hiyo si ya bure kabisa. Mtu aliyezoea kushika fedha ya siku moja kwa miaka kumi hawezi kuamka mara moja akawa mwekaji hazina. Kwa hiyo hatushauri bunda la noti litupwe mezani na mwenyewe aende zake. Yafaa wote wawili waketi pamoja siku ya mshahara, na karatasi mbele yao, wakubaliane kiasi cha chakula cha mwezi. Siku ile ile vinunuliwe vitu visivyooza: unga au mahindi, mchele, maharage, mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai, pamoja na sabuni. Fedha iliyobaki, ambayo ni ya mboga, nyanya, dagaa, maziwa na kadhalika, igawanywe kwa majuma, kila juma katika bahasha yake. Tena mtu akitoa fedha kwa wakala wa simu mara moja, hulipa ada mara moja. Akitoa kidogo kidogo mara kumi, hulipa ada mara kumi, na hakuna atakayemrudishia.

Na hapa pana jambo dogo livunjalo mipango mizuri. Watu hugawa fedha ya mwezi kwa nne, kwa kuwa husema mwezi ni majuma manne. Sivyo. Mwezi wa siku 31 ni majuma manne na siku tatu, na miezi ya namna hiyo ni saba katika mwaka. Siku tatu hizo hazina bahasha, basi hulishwa kwa mkopo. Tena haifai kuhesabu kwa kalenda. Sharti kuhesabu kutoka mshahara mpaka mshahara. Mshahara wa Desemba mara nyingi hulipwa kabla ya Krismasi, watu wakafurahi. Ukiingia tarehe 20 Desemba, na wa pili ukaja tarehe 25 Januari, hizo ni siku 36, na ndani yake zimo sikukuu, nauli za kwenda kusalimia wazee, na madaftari ya watoto shule zifunguapo. Januari haina kosa lolote katika jambo hili. Ilianza Desemba.

Je, kiasi chenyewe kitajulikanaje? Hatuwezi kumwekea mtu kiasi kutoka mbali, maana nyumba ya watu watatu Tanga si nyumba ya watu tisa Njombe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kwa mwezi mmoja msibadili kitu, mwandike tu. Kila kinachonunuliwa kwa ajili ya tumbo kiandikwe jioni ile ile, hata kama ni fungu la mchicha. Mwisho wa mwezi mjumlishe, nanyi mtaona mambo msiyoyatazamia. Nyumba nyingine hugundua kwamba vitumbua na chapati za asubuhi, vikinunuliwa kwa watu sita kila siku, vyakaribia bei ya unga wa ugali wa mwezi mzima, na hakuna aliyewahi kuvihesabu kuwa chakula. Kilo mbili za unga wa ngano na saa moja ya jioni hubadili hesabu hiyo sana. Lakini mwezi wa pili msikate kwa shoka. Apunguzaye nusu kwa siku moja hurudia ya zamani kabla ya juma kwisha, tena kwa hasira.

Sasa twafika penye ugumu wenyewe, yaani daftari la dukani. Hatumsemi mwenye duka kwa ubaya. Mara ngapi amewapa watu unga siku ya ugonjwa, wakati ndugu wa damu walikuwa wamezima simu? Lakini aliye na deni hachagui. Hawezi kwenda sokoni penye bei nafuu, kwa kuwa fedha yake imekwisha kuliwa katika duka lile. Haulizi mizani ikoje, kwa kuwa aona haya. Siku ya mshahara hulipa yote, akarudi nyumbani na fedha pungufu, na jioni ile ile huanza ukurasa mpya. Nyumba iliyo katika hali hii haiwezi kuanza na mpango tuliotaja juu, maana haina fedha ya kununulia vitu vya mwezi. Yafaa aende kwa mwenye duka mwenyewe, aseme naye wazi, amwombe deni ligawanywe kwa miezi mitatu au minne, naye asiandikishe kitu kipya. Wenye maduka wengi hupendelea mtu alipaye kidogo kwa ahadi ya kweli kuliko mtu apitaye njia ya nyuma. Mwezi wa kwanza anunue kwa jumla kitu kimoja tu, labda mafuta. Mwezi wa pili aongeze sukari. Na hivyo hivyo. Ni mwendo wa polepole na wa kuchosha, nasi hatujui ulio mwepesi kuliko huo.

Aliyekwisha kutoka deni aweza kutazama mbele zaidi ya mwezi. Huko Mbeya, Iringa na Ruvuma, mahindi huvunwa katikati ya mwaka, na bei yake hushuka. Kuanzia Desemba hupanda, mpaka mavuno mapya yakaribie. Mwalimu awezaye kuweka akiba kidogo kidogo akanunua magunia mawili wakati wa mavuno hana haja ya kutetemeka Februari. Adui yake ni dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana kwanza Tabora karibu na mwaka 1980, awezaye kugeuza gunia zima kuwa vumbi. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ikifungwa vema, wadudu waliomo hukosa pumzi wakafa, wala hakuna haja ya dawa. Lakini mahindi mabichi yakifungiwa humo huvunda na kuota kuvu, na kuvu nyingine ni sumu. Mabwana shamba hufundisha jaribio la chumvi: tia chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi, tikisa, kisha acha kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kando za chupa, rudisha mahindi juani. Twaongeza neno moja juu ya kusaga. Dona haitupi kitu, nayo ni chakula bora kuliko sembe, lakini haikai siku nyingi bila kuchacha, kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika kiini. Basi sageni kidogo kidogo.

Huenda mtu akauliza, na bei zikiruka? Zimeruka mara nyingi, na zitaruka tena. Mwaka 1974 hakuna aliyefikiri juu ya vita vya Ukraine, lakini mwaka 2022 vita hivyo vilipanda katika karai zetu, mafuta ya kupikia yakawa ghali mpaka vijijini. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua kubwa zilizuia mavuno ya miwa, sukari ikaadimika Tanzania, hata serikali ikatangaza bei elekezi. Katika siku kama hizo nyumba nyingi huongeza fedha ya jikoni kwa kuitoa katika karo au kodi ya nyumba. Sisi twashauri kiasi kibaki vile vile, na chungu kibadilike. Mafuta yakipanda, vyakula vya kukaanga vingoje, na mboga za karanga na nazi zirudi mahali pake. Sukari ikipanda, uji uliwe na ndimu. Watoto watanung'unika siku tatu.

Limebaki jambo la wageni, nalo twajua ndilo liwatialo wengi wasiwasi kuhusu mpango wote huu. Mtu aweza kuwa na bahasha zake tano zimepangwa vizuri, kisha Jumamosi jioni shangazi ashuka katika basi na wajukuu wawili. Atafanya nini, awaonyeshe daftari? Nyumba iliyofunga mlango wake ili hesabu ikae sawa imepotewa na kitu kikubwa kuliko hesabu. Kwa hiyo mgeni awe na fungu lake tangu siku ya mshahara, kama vile chumvi ilivyo na fungu lake: kilo mbili za mchele zilizowekwa kando, na fedha ya kuku mmoja au ya kitoweo kingine, zisizoguswa kwa sababu nyingine. Hapo mama ampokea shangazi kwa uso mkunjufu, wala baba hatoki mlango wa nyuma kwenda kukopa, na hakuna anayehesabu siku akingoja ya tatu ili ampe jembe. Na mwezi ukipita pasipo mgeni, fedha ya kuku isirudi katika mfuko wa baba wala isinunue soda. Iwekwe kando, ingojee Januari.