Gari la Marehemu na Haki ya Warithi



Marehemu baba yetu alituachia, pamoja na mengine, Peugeot 504 ya kabureta. Gari la aina hii lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 lilishinda mbio za Safari Rally hapa Kenya. Mama angali edani, gari likaanza kuzimika. Asubuhi liliwaka vyema. Likishapata moto barabarani hukatika ghafla, wala haliwaki tena hadi lipoe.

Fundi tuliyemwita alisikiliza injini kwa dakika chache tu, akatamka kuwa imekufa: pistoni zimelika, na haina budi kufunguliwa yote. Kisha akajitolea kulinunua gari kwa bei ya chuma chakavu, ili atuondolee mzigo. Miongoni mwetu walikuwapo waliotaka kukubali siku ile ile.

Ami yetu alikataa. Alitukumbusha kwamba thumuni ya Mama imo ndani ya gari lile, na haki ya wadogo zetu wawili, ambao ni mayatima, imo pia. Surat al-Hujurat yatufundisha kuthibitisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi habari ya injini nayo, alisema, ithibitishwe.

Alianza na kompresheni, kwani hiyo ndiyo idhihirishayo uzima wa pistoni na valvu. Alizitoa plagi zote nne, akafunga geji katika tundu la kila silinda kwa zamu, na dada yetu mkubwa akazungusha stata huku amekanyaga mafuta hadi mwisho. Silinda zote nne zilisoma juu na karibu sawa. Injini iliyolika haisomi hivyo. Plagi zenyewe zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ishara kwamba petroli na hewa vilichanganyika kwa kiasi; lau petroli ingezidi, zingekuwa nyeusi kwa masizi.

Kisha tukaliwasha gari na kuliacha lipate moto. Lilipozimika, petroli ilikuwa ikifika kwenye kabureta kama kawaida, lakini cheche ya koili, ambayo asubuhi ilikuwa ya buluu na yenye mlio, sasa ilikuwa nyekundu na dhaifu. Maradhi basi yalikuwa ya umeme. Ndani ya distributa Ami alikuta pointi zimeungua, na hiyo ni dalili ya kondensa iliyochoka. Kondensa ya namna hiyo huweza kufanya kazi ikiwa baridi, ikashindwa ipatapo joto.

Tulinunua kondensa na pointi mpya. Ami aliweka nafasi ya pointi milimita 0.4, akarekebisha wakati wa cheche. Mwisho aliikaza skrubu ya mchanganyiko kwenye kabureta pole pole hadi injini ikaanza kuyumba, akailegeza kidogo kidogo hadi ikanguruma kwa utulivu. Gari lilitoka Mombasa hadi Malindi na kurudi bila kuzimika.

Baadaye liliuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya fundi yule. Madeni ya marehemu yakalipwa, kisha kila mrithi akapewa fungu lake.

Hatusemi kwamba fundi alikusudia dhuluma. Nia yake aijua Mola. Lakini mali ya yatima ingepotea kwa neno la mtu ambaye hakupima. Kwa hiyo, kina mama na kina dada, mkiambiwa kwamba injini imekufa, ulizeni mambo matatu. Kila silinda imesoma ngapi? Cheche ikoje injini inapokuwa moto? Petroli yafika kwenye kabureta? Asiyekuwa na majibu bado hajapima, na msiuze kwa kauli yake.

Wabillahi tawfiq.