"Three" Ni Vijiko Vingapi?

Jumapili moja nilialikwa chakula cha mchana kwa rafiki yangu na mumewe. Kabla pilau haijafika mezani, baba mtu akamsimamisha binti yake katikati ya sebule. Ana miaka mitatu na nusu, ndiyo kwanza ameanza chekechea, zile za Kiingereza tupu. "Haya mama, wahesabie wageni!" Mtoto akatiririka, one mpaka twenty, bila kumeza mate. Makofi! Kisha akaambiwa akalete three spoons. Akarudi na vijiko mikono yote miwili, saba au nane hivi.

Baba akanuna. Eti wanaomchanganya ni mama na dada wa kazi, kwa Kiswahili chao. Kuanzia jioni ile Kiswahili kikapigwa marufuku ndani ya nyumba. Dada, ambaye Kiingereza chake kinaishia good morning, sasa anaongea na mtoto kwa ishara. Wenyewe wawili hawajaelewana mpaka leo.

Shemeji, pole, lakini umemwonea dada wa watu. Kuimba namba ni jambo moja. Kujua kwamba namba uliyoishia ndiyo idadi ya vitu ni jambo jingine kabisa. Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliliandika hilo katika kitabu chao cha mwaka 1978, na watoto wengi hulishika wakikaribia miaka minne. Hata ungemwomba "vijiko vitatu", huenda angekuletea rundo lile lile.

Anachohitaji ni kitu cha kugusa kimoja kimoja, na mtu wa kupiga naye soga. Chukua The Very Hungry Caterpillar, kitabu cha Eric Carle cha mwaka 1969. Kiwavi ana njaa: Jumatatu anatoboa tofaa moja, Jumanne mapeasi mawili, mpaka Ijumaa machungwa matano. Kurasa zenyewe zina matundu, kidole cha mtoto kinapita. Tundu moja, neno moja. Kisome kwa Kiingereza, kizungumzeni kwa Kiswahili. Akishaijua tano yenyewe, five inakuwa jina jipya la kitu anachokifahamu.

Na Kiswahili kinavyonoga hapo! Machungwa matano, vijiko vitano, miti mitano, watoto watano. Mtoto anajifunza kuhesabu na sarufi kwa mkupuo. Sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazibadiliki. Akisema "visaba", cheka naye, kisha rudia wewe kwa usahihi.

Halafu sikia hili. Mwaka 1971 Mmarekani Mweusi, Muriel Feelings, alitoa Moja Means One, kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto wa kwao kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili. Picha za Tom Feelings zikakipatia heshima ya Caldecott Honor mwaka 1972. Wao wanakitafuta, sisi tunakifukuza sebuleni!

Kama vitabu ni bei mbaya, kalenda ya ukutani inatosha, au gazeti la zamani. Hata dada anaweza kazi hiyo, tena vizuri tu.

Ila kwenu, shemeji, albamu ya harusi si iko kabatini? Mpakate binti, anza na ukurasa wa wapambe. Wako sita. Wa tatu kutoka kushoto ndiye mimi.