Viporo vya friza, sehemu ya 3: Usinunue chombo kirefu

Tangu niweke sehemu ya 2 mmeniuliza swali moja tu: "Nesi, ninunue kontena gani la kuwekea chakula friza?" Mmenitumia picha za zile seti za vipande 20, za kioo, za plastiki, zenye mifuniko ya rangi rangi. Maoni yangu ni haya: kabla hujauliza kioo au plastiki, kabla hujauliza bei, angalia chombo kinaenda chini kiasi gani. Kikiwa kirefu kama ndoo, kiache dukani.

Sababu ni hii. Umepika maharage Jumapili, sufuria kubwa, ili yafike Alhamisi. Unayamimina yote kwenye ndoo ya lita 4 na kuisukuma friza. Juu patashika barafu, pembeni patashika barafu, lakini katikati patabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Bakteria wanazaliana kati ya nyuzi joto 5 na 60, kwa hiyo hapo katikati umewatandikia kitanda. Kuna wengine hujifungia kwenye ganda gumu, unachemsha maharage saa mbili wao wametulia tu, halafu yakipoa polepole wanafunguka na kuanza kazi. Na friza haiui bakteria jamani. Inawalaza. Siku ukiyeyusha, wanaamka na kuendelea walipoishia.

Wali ndio unaonitisha zaidi, kwa sababu tunauamini mno. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anakaa kwenye mchele mkavu na anavumilia kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu muda mrefu anaweza kuacha sumu ndani yake, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Uchemshe, ukaange na vitunguu, bado ipo. Mtoto anakula, ndani ya saa chache anatapika mfululizo. Mama akifika wodini anatuambia, "Lakini nesi, kilikuwa kwenye friji." Namwamini kabisa. Ila ukimuuliza taratibu, chakula kilipikwa saa nane mchana, kikakaa kwenye hotipoti, kikaingia friji saa nne usiku.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwenye joto la Dar mimi nakushauri usisubiri hata hizo mbili ziishe. Wali utandaze kwenye sinia. Mchuzi uweke sufuria ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge. Mvuke ukiisha, gawa kwenye vyombo, peleka friza.

Kwa hiyo chombo ninachokitaka ni kipana na kifupi, chakula ndani kisizidi vidole vitatu vilivyolala, na kitoshe mlo mmoja wa familia yako. Badala ya seti ya vipande 20, nunua sita vya saizi moja. Mfuniko mmoja ukipotea, wa mwenzake unaingia. Zile seti nusu yake ni vikopo vya kuwekea iliki, nusu nyingine ni mapipa.

Kwa mtoto anayeanza kula, trei ya barafu yenye mfuniko inatosha. Kijumba kimoja ni kama vijiko viwili vya chakula. Unatoa kiasi anachomaliza, na kilichobaki kwenye sahani yake baada ya kijiko kuingia mdomoni, mwaga. Usikirudishe.

Sasa plastiki. Geuza chombo, tafuta pembetatu yenye namba. Namba 5 na namba 2 ni za kawaida kwa chakula. Namba 5 hukakamaa kwenye baridi, kikidondoka kinapasuka, usishangae. Makopo ya aiskrimu na siagi mnayotunza (najua mnayo, sote tunayo) sina ugomvi nayo, ilimradi chakula kiwe kimepoa na usijaze mpaka juu. Ila yasitumike kupashia moto. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2018 kiliwashauri wazazi wasipashe chakula cha watoto kwenye maikrowevu kikiwa ndani ya plastiki, nami nakubaliana nao. Hamishia kwenye sufuria. Ndoo zilizokuwa na rangi, sabuni au dawa, hata ukizisugua kwa mchanga, hapana.

Kioo ni kizuri, lakini chupa za mayonezi na jemu hazikutengenezwa kwa friza. Maji yakiganda huongezeka kama asilimia 9, na shingo ya chupa inawabana, chupa inapasuka. Vipande vya kioo kwenye uji wa mtoto sitaki hata kuvifikiria. Chombo chochote, acha nafasi ya vidole viwili juu. Stili inapoza haraka na inadumu. Sufuria ya alumini yenye mchuzi wa nyanya usiifanye ghala, ile asidi inaila. Na mifuko minene ya zipu, ukiilaza bapa, kwa maharage haina mpinzani.

Andika jina na tarehe. Wodini hatuweki kitu bila tarehe, na friza lako lisiwe tofauti. Bandika karatasi ya gundi chombo kikiwa bado kikavu.

Umeme ukikatika au Luku ikiisha, usifungue fungue. Friza lililojaa likifungwa linatunza baridi kama saa 48, lililojaa nusu kama 24. Kile kisanduku cha juu cha friji ya mlango mmoja usikipe imani hiyo. Chakula chenye chembe za barafu bado unaweza kukigandisha tena. Kilicholainika na kupata joto, mwaga, hata kama ni nyama.

Kuna aliyeandika jana kwamba mama anayejali hampi mtoto kiporo. Dada yangu, mama anayefika nyumbani saa moja usiku akiwa na kijisanduku cha maharage aliyoyapika mwenyewe, na gesi ya kuyachemsha dakika kumi, hajakosea kitu. Bila hicho mtoto anakula chipsi. Asubuhi ukihamishia friji kiyeyuke, jioni ukakitokotesha mpaka kibubujike, mlishe bila aibu, na mama mkwe umkaribishe mezani.

Maziwa ya mama sijayagusa kwa makusudi, yana utaratibu wake. Hiyo ni sehemu ya 4, Jumamosi nikitoka zamu ya usiku.